Gitaa la Mzee Kaombwe

Fumbo hili nimelibeba muda mrefu, na kila nikidhani nimelitegua, linajifunga tena. Nawapa ninyi mlionizunguka, wakubwa kwa wadogo. Labda mtaona nisichokiona.

Katika mtaa wa Isevya, mjini Tabora, walikuwapo watu watatu waliokuwa na kinyongo na mtu wa nne. Luhende alikuwa na vidole: akiligusa gitaa la solo, hata waliokuja kugombana walicheza. Sudi alikuwa na koo la kuazima: aliweza kuimba kwa sauti ya mtu yeyote, ukafumba macho ukamwona mwenyewe. Bi Nyamizi hakujua muziki. Kipawa chake kilikuwa kujua mahali mtu anapoumia.

Wa nne ni Mzee Kaombwe, kiongozi wa bendi yao ya zamani. Luhende alimtungia nyimbo, lakini jina lake halikuandikwa kwenye santuri. Sudi alifukuzwa naye jukwaani, mbele ya watu. Nyamizi alikuwa mkewe. Cherehani yake iliuzwa ili gitaa la bendi linunuliwe, kisha akaachwa.

Kiharusi kilimpiga Kaombwe, akapoteza kauli kwa miaka. Ndipo mtaa ukaandaa sherehe ya kuwaenzi wanamuziki wake wakongwe wangali hai. Watoto wa Kaombwe wakatangaza kwamba atakayemfanya baba yao afungue kinywa siku hiyo atapewa lile gitaa. Wote watatu walilitaka, na sijaona hata mmoja ambaye hakuwa na sababu.

Asubuhi ya sherehe Kaombwe aligeukia ukuta, akakataa kuvalishwa. Wanawe walibembeleza mpaka wakachoka. Nyamizi akaingia bila hodi.

"Baki hapo hapo," akamwambia. "Nitawaeleza watu ukumbini kwamba Kaombwe anaogopa kuonekana mdomo umepinda. Watacheka kidogo, kisha watamsikiliza Sudi."

Mzee akanyoosha mkono kutaka shati. Nyamizi akamfunga vifungo kama anayefunga gunia, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini.

Ukumbini Sudi alishika maikrofoni, akaanza wimbo ambao Kaombwe hakuwahi kumruhusu mtu mwingine auimbe. Aliuimba kwa sauti ya Kaombwe mwenyewe, pamoja na kile kikohozi kidogo kabla ya ubeti wa pili. Macho ya mzee yakawa mekundu. Neno halikutoka.

Luhende alikuwa akimsindikiza Sudi kwa gitaa lile lile. Walipofika pale ambapo sauti ya gitaa hupanda, yeye akashuka. Wapo wanaosema alikusudia; mwenyewe anasema kidole kimezeeka. Mimi siwezi kuapa.

"Panda, mbwa wewe," akasema Mzee Kaombwe.

Luhende akapanda. Mzee akaumalizia wimbo kwa sauti iliyokwaruza, huku akimfukuza Sudi kwa mkono kama anayefukuza nzi. Watu walilia. Wale watatu hawakulia. Walikuwa wanalitazama gitaa.

"Bila mimi angekuwa kitandani," Nyamizi akasema.

"Ulileta mzigo, shemeji, na mzigo hauimbi," Sudi akajibu. "Mimi ndiye niliyemchoma."

"Ulimchoma akanyamaza, bwana kasuku," Luhende akasema. "Kaongea na nani? Na mimi."

"Kakuita mbwa."

"Afadhali mbwa. Wewe hakukuita chochote."

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe, Bwana Feruzi, akamwinamia mzee. "Mzee wangu, tumpe nani?"

Kaombwe akawatazama wote watatu, bila haraka.

"Langu," akasema. Tangu hapo hajasema tena.

Kamati ikaamua, na watoto wa mzee wakakubali, gitaa litundikwe ukutani, pale ukumbini, bila nyuzi, lisipigwe na yeyote kati yao wala na mzee mwenyewe. Luhende aliombwa azifungue nyuzi, akaweka mikono mfukoni. Sudi akatoka nje. Nyamizi akaomba koleo. Alizikata nyuzi moja moja, kiti cha mzee kikiwa karibu naye kabisa, kisha akapigilia msumari mwenyewe. Kaombwe alifungua kinywa. Sauti haikuja.

Sasa semeni ninyi: uamuzi ungekuwa mikononi mwenu, mngemkabidhi nani gitaa hilo? Na Nyamizi, siku ile, alitekeleza uamuzi wa kamati, au alichukua zawadi yake?