Empithrii ya Atupele

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto mdogo amlaze mapajani, kwa maana hadithi hii haisemwi kwa sauti kubwa. Ni kesi, na mpaka leo inasubiri mwamuzi.

Palikuwa na watu watatu. Ambakisye alijua kutoa. Ukimwomba shati, alianza kufungua vifungo kabla hujamaliza kuomba. Tumpe alijua kukusanya watu. Waliogombana mwaka mzima walijikuta wamekaa benchi moja kwa sababu Tumpe amewaita. Melania alijua kukaa. Mtu anaweza kuona hilo si kitu, lakini aliyewahi kulala wodini anajua kwamba wanaokuja ni wengi na wanaokaa ni wachache.

Na palikuwa na mama, Tusajigwe, ambaye kipaji chake kilikuwa kusali. Yeye ndiye aliyepewa kesi hii aiamue, na siku hiyo hata sala ilimkauka kinywani.

Tusajigwe alikuwa na binti, Atupele, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya ya Wamoraviani, huko milima ya Rungwe ambako mvua haipiti, inaishi. Moyo wa Atupele ulivimba. Mwanzo alikuwa akipumzika katikati ya ngazi za kanisa. Baadaye ngazi zenyewe zikamshinda. Akapelekwa hospitali kubwa mjini, na madaktari wakasema abaki.

Mama alikaa naye. Lakini nyumbani alikuwa na mume aliyepooza, asiyeweza kujigeuza kitandani, na majirani waliokuwa wakimsaidia walianza kuchoka. Siku moja Atupele mwenyewe akasema, "Mama, nenda ukamgeuze baba. Mimi bado najigeuza."

Tusajigwe akaenda. Alitoka wodini akitembea kinyumenyume, uso kwa binti yake, mpaka mgongo ulipogusa mlango.

Baada ya hapo zikawa zinakuja salamu za kupokezana, kwa sababu simu kijijini hushika ukipanda kilimani, na majira ya mvua haishiki kabisa. Atupele alisema hapati usingizi. Alisema kule anasikia vyuma na viatu tu. Hakuomba dawa wala chakula. Aliomba kusikia nyumbani.

Sasa sikieni walichofanya.

Ambakisye, kaka yake, alikuwa mchuma chai. Alikuwa na empithrii, kile kidude kidogo cha kuchezea nyimbo, kinachoingia kiganjani na kumezwa na vidole. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Huko shambani ungeona kikapu, kofia, na kichwa kinachotikisika katikati ya michai. Wenzake walimwita Redio Mguu. Ambakisye hakuwa na mke wala rafiki wa karibu. Alikuwa na nyimbo. Aliposikia dada yake anaomba nini, alikaa kizingitini akazisikiliza mara ya mwisho, kisha akazifuta zote, moja baada ya nyingine, ili kupatikane nafasi. Kesho yake alikwenda kuchuma chai akiwa kimya, na wenzake wakamuuliza, "Redio Mguu, betri zimekufa?"

Tumpe, aliyekuwa akiimba bega kwa bega na Atupele, akaichukua empithrii ikiwa tupu, kwa kuwa ilikuwa na uwezo wa kurekodi. Akaenda nayo nyumba kwa nyumba, ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki mvua isiiharibu. Alirekodi kwaya ikikosea na mwalimu wa kwaya akifoka. Alirekodi mvua juu ya bati la jikoni. Alimrekodi bibi yake yeye Tumpe, mzaa mama, kikongwe, akisema, "Atupele, ndizi zako nimezila, ukirudi utanisamehe." Alibisha hodi hata kwa Mzee Kajela, aliyekuwa hasemi na nyumba ile kwa ajili ya mpaka wa shamba, na Mzee Kajela, baada ya kukohoa sana, akasema, "Mtoto, pona. Mpaka tutautazama." Alimrekodi baba aliyepooza, midomo ilikataa, lakini aliyemjua angesikia kwamba sauti ile ilikuwa jina la binti yake. Mwisho alimrekodi mama akisali. Tusajigwe alisali vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha kilio kikamkaba, na Tumpe, kwa huruma, akabonyeza kitufe akazima. Empithrii ikafungwa katika kanga, ikakabidhiwa kondakta wa basi.

Melania alikuwa Mfipa kutoka Sumbawanga, mwanamke wa makamo, mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hakuwa ndugu wa mtu yeyote katika hadithi hii. Hedifoni zina masikio mawili, na Atupele alimpa moja, kwa hiyo walisikiliza pamoja mpaka Melania akawajua watu wa kijiji kile kwa sauti zao. Kisha Melania akapona, akapewa ruhusa ya kwenda kwake, na msimu wa kupanda maharage ulikuwa umefika. Hakwenda. Akawa analala kibarazani kwa wauguzaji, na kila asubuhi anaingia. Betri zilipochoka alizianika juani dirishani zipate nguvu kidogo. Mikono ya Atupele ilipovimba ikashindwa kushika, Melania alimshikia sikio lile la hedifoni, mchana kutwa, akibadilisha mkono mmoja ukifa ganzi. Mara moja usingizi ulimpitia, empithrii ikaanguka sakafuni. Ikaendelea kuimba, ila tundu lake la waya wa kompyuta likalegea.

Halafu hali ikawa mbaya. Mama akapelekewa habari, akafunga safari, na akakuta mto umechukua daraja. Alisimama ng'ambo na kifurushi chake kichwani, maji yakipita na migomba mizima. Upande ule wa pili basi liliwasha taa, likageuza, likaondoka.

Asubuhi hiyo hiyo, wahudumu wakipiga deki wodini, Atupele alimwomba Melania abonyeze kile kitufe cha kurekodi. Kisha akalala, na hakuamka.

Mnaona ilivyo? Bila Ambakisye, pasingekuwa na kifaa. Bila Tumpe, kifaa kingekuwa kitupu. Bila Melania, kingelala mezani kikisema peke yake. Aliyekuwepo alisema binti yule alikwenda uso wake umetulia.

Maiti ikaletwa kwa kuzunguka njia ndefu, ikazikwa. Siku ya kuanua matanga alifika mgeni, viatu vimejaa tope. Kabla hajatambulishwa alisimama uani, akasikia mzee akikohoa, akasema, "Shikamoo, Mzee Kajela." Akasikia mtu akiwafokea vijana wa kwaya, akatabasamu. Tumpe aliposema, "Karibu, mama," mgeni alianza kulia. "Wewe ni Tumpe. Sauti yako iko mwanzo wa kila kitu: 'Haya, sema.'"

Melania akatoa empithrii ndani ya ile kanga, akampa Tusajigwe kwa mikono miwili, akamwekea hedifoni. Mama akasikia wodi, maji ya deki, pumzi fupi fupi. Kisha sauti ya mtoto wake: "Mama, sala yako haina amina. Nakupa ya kwangu. Amina."

Tusajigwe hakupiga yowe. Alikunja mgongo taratibu, kama mtu aliyebebeshwa gunia, akakaa chini.

Sasa, ukoo ule una desturi. Siku ya kuanua matanga vitu vya marehemu hugawiwa, na mzazi harithi kitu cha mtoto. Mkono wake ni wa kugawa tu. Kisichopata mwenyewe kabla jua halijazama hufukiwa pembeni mwa kaburi. Nguo zilikwisha gawiwa, na Biblia, na viatu vya kwaya. Ilibaki empithrii.

Vijana walisema inakiliwe, kila mtu apate. Wakampelekea fundi redio. Akasema tundu la waya wa kompyuta limekufa, sauti hazihamishiki tena, zitasikika kwa hedifoni tu. Wakaweka simu karibu na hedifoni. Walichopata ni mlio kama mahindi yanayokaangwa.

Shangazi yake Atupele, Kisa, ndiye aliyesimamia. "Haya, mama mtu. Mpe unayeona anastahili."

"Ni yangu," alisema Ambakisye. Watu waligeuka; hawakuwahi kumsikia akidai kitu. "Nimewapa vitu vyangu vyote maisha yangu yote, shangazi, sijarudishiwa hata kikombe. Nilizifuta nyimbo zangu kwa ajili yake. Nikienda shambani sasa nasikia mkasi wa chai tu. Nirudishieni hii moja, nimsikie dada yangu."

Tumpe akasema, "Kaka, ulitoa boksi. Mimi ndiye niliyetia watu humo."

"Bila boksi ungewatia wapi? Kwenye kapu?"

"Sitaki shari. Bibi yangu tumemzika juzi, unajua. Sina picha yake. Sauti yake iko humo tu, akiomba radhi kwa ndizi."

Wote wakamtazama Melania. Alikuwa amekaa, mikono mapajani. Shangazi Kisa akamwuliza, na ulimi wake haukuwa laini, "Na wewe mgeni, umekuja kutupa pole au kuchukua?"

"Ningetaka kuchukua, mama, nisingepanda gari kuja kurudisha."

"Basi huombi."

"Naomba." Alisema taratibu. "Kwenye kile kitanda cha Atupele amelazwa binti mwingine. Ametoka mbali, hajatembelewa na mtu. Nilipata habari za kwao. Nataka niende huko nikamrekodie watu wake, kama Tumpe alivyofanya, nimpelekee kabla sijachelewa. Lakini sitawadanganya. Humo ndani hamna nafasi tena. Ili wa kwake waingie, wa kwenu watatoka."

"Na amina ya mwanangu?" Tusajigwe aliuliza.

"Ile nitailinda nikiweza, mama. Siwezi kukuapia. Betri zile ni za kubahatisha, na mimi si fundi."

Mzee Kajela alivua kofia. Tusajigwe aliibana empithrii kifuani, na moyoni alimwambia Mungu jambo ambalo hakuwahi kumwambia: kwamba hataki kumpa yeyote. Alitaka kuiingiza ndani ya gauni akimbie nayo kwenye migomba. Kama angesubiri jua lizame, ingekwenda udongoni kwa Atupele, na hakuna ambaye angeisikia tena, na hakuna ambaye angempora.

Alimtazama mwanawe wa kiume, aliyekuwa ameomba kwa mara ya kwanza. Alimtazama Tumpe, aliyembeba bibi yake, na kijiji kizima, ndani ya mfuko wa plastiki. Alimtazama mwanamke yule wa Sumbawanga, aliyeushika mkono wa Atupele siku ambayo yeye mama alikuwa ng'ambo ya mto.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye majani ya migomba. Akanyoosha mkono, kiganja kikiwa wazi, na empithrii juu yake.

Niambieni basi, ninyi mliosikia, wakubwa kwa watoto: kama kiganja kile kingekuwa chako, ungekigeuzia upande wa nani?