Mshamu na Jiwe la Ukutani

Hapo zamani, katika mji wa Uvumba, alitawala sultani jina lake Zubeiri bin Shangama, mtu wa raha na mpenda mawaridi. Hakuwa mkatili kwa tabia, ila tangu utoto wake hakupata kukatazwa jambo, na mtu asiyekatazwa hudhulumu huku akidhani anapamba. Basi mwaka mmoja akataka bustani yake ipanuke. Mafundi wakausogeza ukuta wa jumba, wakausogeza tena, ikawa kisima cha maji matamu cha mji kimeingia ndani, katikati ya mawaridi. Raia wakaambiwa wakateke Mwambani, ambako maji yana chumvi, hata wali ukipikwa nayo mtu hujiuliza kama mpishi ametia chumvi mara mbili.

Wa kwanza kuingia barabarani kudai kisima alikuwa Bi Mwanakheri, mjane mwuza vitumbua, ambaye biashara yake iliharibika kwa maji yale. Alijitwika mtungi mtupu, akaenda akasimama mbele ya lango la Sultani. Majirani wakamfuata, na majirani wa majirani, hata barabara ikajaa watu wanaopiga kelele wakitaka kisima chao. Askari wakatoka na bakora, watu wakakimbia, wengine wakakamatwa wakatiwa gerezani. Juma lililofuata wakatoka tena, wakapigwa tena. Hapo mji ukagawanyika. Wako waliosema tutoke mara ya tatu, na wako waliosema kwamba barabara haijapata kumshinda mwenye jumba, heri kuzoea chumvi.

Na katika mji huo alikuwako fukara mmoja aliyeitwa Mshamu, mali yake jamvi na kofia, chakula chake karamu za watu. Hakukuwa na harusi asiyohudhuria wala harusi aliyoalikwa. Watu walimhesabu kuwa mpumbavu, naye hakuwabishia, kwa kuwa mpumbavu hupewa mnofu na haulizwi maswali. Siku ile ya pili alikuwa miongoni mwa waliotoka, na kwa kuwa hakuwa na mbio, alikamatwa, akapelekwa barazani mbele ya Sultani, Waziri na wakubwa wote wa mji.

Sultani siku hiyo alikuwa na furaha, akamwuliza Mshamu kama hakupata kusikia maneno ya wazee, kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Mshamu akainama kwa adabu, akanena, "Nimeyasikia, Maulana, na ni ya kweli. Lakini mimi mjinga yananichanganya. Hapa wanaopiga kelele ndio ng'ombe, nao wako nje na kiu yao. Aliye kisimani ni nani?"

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke, na aliyekuwa karibu naye akakohoa pia, hata ikawa kama mafua yameingia barazani. Sultani uso ukamwiva. Akasimama, akaliapia neno lake mbele ya watu wote.

"Sikilizeni. Ikiwa makelele ya barabarani yatang'oa jiwe moja tu katika ukuta wangu, kabla mwezi haujaandama, bila mkono wa mtu wao kuligusa wala chombo chao, kisima nitawarudishia. La, mwezi ukiandama na ukuta uko mzima, kichwa cha huyu ni changu, na asionekane tena mtu mbele ya lango hili."

Mshamu akaachiliwa, akarudi mjini. Watu wakamzunguka, wengine wakamlaumu kwa ulimi wake, na Bi Mwanakheri akamwuliza ana hila gani. Akajibu kwa kweli kwamba hana bado. Kisha akafikiri, akawaambia jambo moja ambalo wengi waliliona la kipumbavu: wasipige kelele tena, wala wasikimbie. Waende wakaketi mbele ya lango, mbali na ukuta, mtu asiuegemee hata kwa kisigino. Na kila atokaye au aingiaye, wamwamkie kwa heshima na kumwambia, "Maji, Bwana," basi.

Basi wakaenda na majamvi yao. Wanawake wakasukana nywele pale pale na kukuna nazi, wanaume wakasuka kamba na kushona makanzu, mwalimu wa chuo akawaleta watoto wakasoma chini ya kivuli cha lango. Usiku huyu akienda kulala, yule anakuja. Mpishi wa Sultani alipotoka kwenda sokoni akaamkiwa, akaulizwa hali ya mgongo wake, akaambiwa, "Maji, Bwana." Waziri akaambiwa hivyo hivyo, na mletaji wa kuni, na mganga wa jumbani. Hapakuwa na tusi wala jiwe lililorushwa, na hapakuwa na njia ya kupita isipokuwa katikati yao.

Ijumaa ikafika, Sultani akatoka kwenda msikitini. Watu wakasimama wakampa njia, na kila aliyempita akainama na kunena kwa upole, "Maji, Maulana." Sauti ile ilimfuata toka langoni hata mlangoni mwa msikiti, ndogo ndogo, kama mtu anayedondosha kokoto ndani ya kiatu chake. Katika swala akasahau yuko rakaa ya ngapi. Na wakati wa kurudi wakawa pale pale, nao walikuwa wengi kuliko waliokuwapo asubuhi.

Aliporudi akamwita Jemadari Mbaruku, akamwamuru awafagie watu wale. Jemadari akaenda na askari wake, akakawia, akarudi peke yake na bakora kwapani. Sultani akamwuliza mbona barabara bado imejaa.

"Maulana, aliyeketi mbele kabisa ni Bi Mwanakheri, mkwe wangu, mama wa mke wangu," akasema Jemadari. "Ameniuliza kama watoto wamepona tumbo."

Sultani akamkumbusha kwamba watu hao hao alikwisha kuwapiga mara mbili. Jemadari akakiri, akasema siku zile walikuwa wakikimbia, na mgongo unaokimbia hauna jina. Sasa wameketi, na kila askari akiinua bakora hukuta uso anaoujua. Tena, akaongeza kwa sauti ya chini, maji ya Mwambani yanawaumiza watoto wa askari pia. Sultani akaingia ndani.

Siku zikapita, mwezi ukazidi kukonda. Mshamu alikuwa akiwachekesha watu langoni, lakini Bi Mwanakheri alipompa vitumbua akavishika tu mkononi, akashindwa kula. Mama yule akajua ya kuwa hofu imemwingia, maana katika umri wake wote Mshamu hakupata kukataa chakula. Akaketi karibu naye.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikafika. Sultani hakuthubutu kukosa msikiti, maana watu wangesema amefungwa na raia zake. Wala hakuweza kuwapita tena. Ndipo Waziri akamshauri kwamba nyuma ya jumba, upande wa watengeneza ngozi, hapana mtu. Utobolewe mlango mdogo, Maulana apite, hakuna atakayejua. Sultani akafurahi kama mtu aliyepewa tabibu. Asubuhi ile mafundi wakapiga nyundo.

Watu langoni wakazisikia. Wengi wakahuzunika, wakaona Sultani anawaponyoka kwa mlango wa nyuma. Mshamu akatega sikio, akasimama taratibu, akala vitumbua vyote alivyopewa asubuhi hiyo, akawaambia wakunje majamvi waende kuswali.

Baada ya swala, watu walipotoka uani, Mshamu akamjia Sultani, akapiga goti.

"Maulana," akanena, "joho lako lina chokaa begani. Niruhusu nikupanguse."

Sultani akajitazama. Mlango ule ulikuwa mwembamba, naye alikuwa mtu wa kushiba, akapita kwa kujisugua. Chokaa ilimwenea tangu bega hata kiuno.

"Chokaa hii ni ya ukuta gani?" akauliza Mshamu. Watu wote wakasogea kusikiliza.

Waziri akarukia, akasema kwamba mawe yale yameng'olewa na mafundi kwa amri ya Sultani, si kwa makelele ya barabarani. Mshamu akakubali kwamba ni kweli. Ila akaomba kuuliza, yeye mjinga, ni nini kilichomfanya Sultani kuubomoa ukuta wake mwenyewe wakati ana lango pana la nakshi.

Sultani akamtazama Jemadari, akamwona ameishika bakora kama mzee ashikavyo mkongojo, macho chini. Akawatazama watu, nao hawakumzomea. Akatazama tena chokaa ile. Ndipo kicheko kikamshika, kwanza kidogo, kisha kikamtikisa hata kilemba kikalegea.

"Waziri, nyamaza," akasema. "Niliapa kwamba mkono wao usiguse, nao hawakugusa. Walinifanya niguse mimi."

Hapo hapo akaamuru mafundi waupanue mlango ule hata mitungi ipite, na njia ifunguliwe toka hapo mpaka kisimani, na waliofungwa watolewe kabla ya alasiri. Mawaridi yaliyokuwa njiani yaking'olewa, na yang'olewe. Bi Mwanakheri hakungoja mlango upanuliwe. Alipita vivyo hivyo, akateka, akatoka na chokaa tele, na watu wakampigia vigelegele.

Jioni Sultani akamwita Mshamu, akamvika joho jipya, akampa mahali pa kula mezani pake kila Ijumaa. Walipokuwa wawili, akamwuliza kwa upole, "Niambie kweli. Kama ningelikaa ndani nisibomoe kitu, mpaka mwezi ukaandama, ungelifanyaje?"

"Ningelikufa, Maulana," akasema Mshamu.

"Na wao?"

"Wao wangeliketi."

Sultani hakucheka safari hii. Aliitazama bustani, ambako wanawake wa mji walikuwa wakiteka maji na kusemezana, kisha akamsogezea Mshamu sahani ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Hekaya yetu imetua hapa; aliyeona kiu kwa kusikiliza, kata ya kunywea i mtungini.