Panya wa Kizimba cha Dirishani

Sogeeni. Anayeogopa panya na akunje miguu, maana hadithi haimsubiri.

Palikuwa na maabara, mji siutaji, iliyokuwa ikijaribu dawa ya vidonda kwa panya. Humo walifanya kazi marafiki watatu. Mwantumu alijaliwa macho: alimtambua mnyama mwenye maumivu kabla hajalia. Ngosha alijaliwa mikono: kila alichokishika kilitulia. Leokadia alijaliwa ulimi, na ulimi huo haukujua kumwogopa mkubwa.

Mkubwa wao alikuwa Dakta Rweyongeza. Desturi ya maabara yake ilikuwa hii: panya hunyanyuliwa kwa mkia, na jaribio likiisha wote huuawa, wagonjwa kwa wazima.

Basi panya mmoja jike, wa kizimba cha dirishani, alichanjwa ubavuni na kupakwa dawa. Kidonda kikafunga. Rweyongeza akasema, "Huyu kapona."

Mwantumu akainama. "Hajapona, Dakta. Tazama, kafinya macho, kakunja mgongo. Anaumia ndani."

Wakamcheka. Aling'ang'ana mpaka wakampima panya, wakakuta usaha chini ya ngozi. Bila Mwantumu, panya angekufa huku akihesabiwa mzima.

Kidonda kikasafishwa, lakini panya akagoma kula. Kila mkono ulipoingia kizimbani alijibanza pembeni akitetemeka. Ngosha akasema, "Mimi mkia wa mtu sishiki tena."

"Mtu?" akauliza Rweyongeza.

"Umenisikia, Dakta."

Akavipasha viganja moto, akaviweka chini, akangoja. Mwanzoni, wapi! Hatimaye panya akapanda mwenyewe, akalamba uji uliotiwa dawa ya maumivu. Bila Ngosha, angekufa kwa njaa.

Jaribio likaisha, dawa ikafaa. Panya wakaanza kupelekwa kwenye sanduku la gesi, na zamu ya huyu ikafika. Leokadia akasimama mbele ya sanduku.

"Ondoka hapo, binti."

"Siondoki. Dawa tumeshajua inafanya kazi. Kumuua huyu kutatufundisha nini?"

"Ndiyo desturi."

"Desturi si jibu, Dakta."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Ila nijibu kwanza."

Bila Leokadia, panya angekwisha siku ile ile.

Rweyongeza akafura, kisha akasema, "Haya, atatoka hai. Lakini namkabidhi mtu mmoja tu, yule aliyemwokoa. Kubalianeni kabla sijafunga mlango. Mkishindwa, anaingia sandukuni."

Marafiki wakageukiana.

"Nani alimwona?"

"Nani alimlisha?"

"Na nani aliyekubali kufukuzwa kwa ajili yake?"

Kila mmoja alimtaka, maana kila mmoja alishampenda. Kumwachia huru nako hakukuwezekana: kazaliwa kizimbani, paka wa kwanza angemfanya kitoweo.

Mimi sifichi, namkasirikia huyo Dakta mwenye funguo za mlango. Waliomponya ni watatu, naye anawagombanisha ili asionekane kashindwa. Na nasikia mtu hapo nyuma anaguna eti panya ni panya tu. Ndugu yangu, hicho kidonda cha mguu wako kilipona kwa dawa iliyojaribiwa kwenye ngozi ya nani?

Rweyongeza ameshatoa funguo mfukoni. Panya yuko mezani, anapumua. Je, wewe ungemkabidhi nani? Sema, na useme upesi, kwa sababu ukinyamaza umeshaamua.