Wali wa Sabas na Hesabu ya Mara Sita

Mmewasikia wapishi wakisema, "Maji hufuata mchele, saa haifuati," nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Ifakara alikuwapo kijana aitwaye Sabas Likwembe. Shuleni hakuwa hodari wa lolote ila hesabu za uwiano. Ukimwambia wakulima wawili hulima ekari tatu, alikupa jibu la wakulima kumi kabla hujafunga mdomo.

Mkewe, Generosa, akajifungua mapacha. Wakwe wakatuma habari kwamba wanashuka kutoka Mahenge kuwaona wajukuu, na watakula mchana. Shemeji yake, Fridolina, akajitolea kupika. Sabas akakataa, maana alitaka wakwe waone kwamba binti yao hakuolewa na mtu wa hivi hivi. Hakuwa amewahi kupika wali, lakini aliona hilo ni jambo la uwiano tu.

Akamuuliza mkewe kipimo. Generosa, mtoto kila upande, akamwambia: mchele vikombe viwili, maji vinne, nusu saa motoni. Kwa wageni hao ulihitajika mchele vikombe kumi na viwili. Mara sita, basi. Sabas akazidisha maji, akazidisha chumvi, na hadi hapo hakukosea. Kisha akaizidisha na ile nusu saa. Akapata saa tatu.

Wakwe wakafika, wakaamkiana, wakapakata watoto. Harufu ya wali ikawafikia ikiwa tamu. Baadaye ikawafikia ikiwa chungu. Fridolina alipokuja kuchungulia, Sabas alimzuia mlangoni, akamwambia muda haujatimia. Moshi ukafuka chini ya kifuniko. Naye akachochea kuni, jasho likimtiririka, pua ikimwambia hili na hesabu ikimwambia lile.

Mwishowe mama mkwe akaja mwenyewe hadi mlango wa jiko, mjukuu mmoja begani, macho ameyaelekeza pembeni kwa heshima.

"Baba, mtoto mmoja hukaa tumboni miezi tisa, sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Na hawa wawili walikaa mingapi?"

Sabas akafungua mdomo. Kumi na minane ilikuwa imeshafika ulimini. Akaufunga, akaruka kuipua sufuria.

Chini ulikuwa mkaa, katikati ukoko, na juu wali wa kumtosha kuku mmoja. Wageni wakala ukoko kwa mchuzi wa kambale, kwa adabu zote, na utafunaji wao ukasikika hadi kwa jirani. Baba mkwe, aliyebakiwa na meno machache, alimumunya kipande kimoja muda mrefu, akakitoa, akakitazama.

"Mkwe wangu," akasema, "kusoma umesoma. Ila maji hufuata mchele, saa haifuati."

Generosa ndiye aliyeanza kucheka, kitandani, ameshika tumbo. Sabas naye akashindwa kujizuia. Jirani akalidaka neno hilo nyuma ya ua, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa nalo.

Vipo vitu vinavyokua pamoja, na vipo visivyojuana kabisa. Kabla hujazidisha, uliza kwanza kipi humfuata mwenzake: maji hufuata mchele, saa haifuati.