Fimbo Yenye Kichwa cha Kichupa

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi na sungura, bali zamani ya juzijuzi tu, katika kijiji cha Ilundo, upande wa Tabora, aliishi mrina asali mmoja jina lake Mihayo. Alikuwa na miaka sitini na sita, mizinga arobaini porini, mke aitwaye Kalunde, na mtani mmoja.

Mtani huyo ni Pazi, fundi wa kuchonga, Mzaramo aliyekuja zamani kwa kazi ya reli akasahau kurudi Pwani. Nanyi mnajua watani walivyo. Pazi akimkuta Mihayo anakula, humnyang'anya nyama mkononi. Mihayo akimkuta Pazi amelala, humlilia kama maiti. Miaka thelathini na mitano walikaa hivyo, na hawakuwahi kuambiana neno la maana bila kulivika kichekesho.

Siku moja akaja Nesi Nyamizi wa zahanati, kwa baiskeli. Alipita nyumba kwa nyumba akimtafuta kila aliyevuka miaka hamsini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini hapa hakuna mgonjwa."

"Ndiyo maana nimekuja, baba. Saratani ya utumbo mpana huanza kimya. Huweza kuvujisha damu kidogo sana, jicho haliioni. Ikiwahiwa, inatibika. Shika kichupa hiki. Ukienda chooni, chukua choo kidogo kwa hiki kijiti, kirudishe ndani, funga, uniletee. Basi."

Akampa Mihayo chake, akampa Kalunde chake, akaenda kumpa na Pazi.

Mihayo akakitazama kile kichupa kama anavyotazamwa nge. Mtu aliyezoea kutia mkono kwenye mzinga wenye nyuki, leo aliona aibu. Ampelekee binti yule choo chake? Tena kimeandikwa jina?

"Nitaona," akasema. Nanyi mnajua mtu mzima akisema "nitaona" ana maana gani.

Kalunde alipeleka chake kesho yake. Cha Mihayo kikakaa juu ya kabati wiki ya kwanza. Kikakaa wiki ya pili. Wiki ya tatu, Mihayo akafunua sahani ya chakula cha mchana, asione ugali. Akaona kichupa.

"Mke wangu, ugali uko wapi?"

"Uko jikoni unakusubiri. Kichupa kikitoka humu ndani, nao utaingia." Kalunde akarudi zake jikoni.

Pazi, aliyekuwa amekuja kula kama kawaida yake, alicheka hadi akashika mbavu. "Ewe Mnyamwezi! Nyuki huwaogopi, unaogopa choo chako mwenyewe!"

"Na wewe chako umekipeleka?"

"Changu nimetilia ugoro. Kifuniko chake kinabana vizuri."

"Kumbe domo tu! Kama wewe dume kweli, shika hiki ukajaze wewe."

Ningekuwa mimi, ningekataa. Lakini mtani akichokozwa harudi nyuma. Pazi akakishika kichupa, akaenda uani, na baada ya muda akarudi akikipunga kama bendera. Mihayo akakipeleka zahanati kikiwa na jina lake, akarudi, akala ugali. Kalunde akafurahi. Nesi akafurahi. Pazi, aliyeshiba, akafurahi kuliko wote.

Siku kumi baadaye baiskeli ikarudi.

"Baba Mihayo, kipimo chako kimeonyesha damu. Usiogope, damu si lazima iwe saratani. Lakini inabidi uende hospitali kubwa wakuchunguze kwa kamera."

Kalunde akaanza kulia na kukunja nguo za safari, yote kwa pamoja. Mihayo moyoni akasema, "Alhamdulillahi, si yangu!" Kisha moyo uleule ukamjibu, "Basi ni ya Pazi."

Afanye nini? Akisema, nesi atajua mzee mzima amemdanganya, na kijiji kitamcheka mpaka kaburini. Asiposema, atakayefika kaburini mapema huenda ni mtani wake. Siku ya kwanza akanyamaza. Siku ya pili akaenda kwenye mizinga, akarudi bila asali. Siku ya tatu akaingia zahanati, mbele ya foleni ya akina mama waliobeba watoto.

"Mwanangu, nilikudanganya. Choo kile si changu. Ni cha Pazi."

Akina mama walicheka hadi watoto waliolala wakaamka. Nesi hakucheka. Akachukua vichupa viwili vipya. "Kimoja chako, baba, na safari hii ujaze mwenyewe. Sasa twende kwa mwenzio."

Wakamkuta Pazi anachonga mwiko.

"Pazi, ile damu ni yako."

Pazi akapiga makofi. "Hapo umenipata! Na sanda umeshanunua?"

"Nasema kweli."

"Mnyamwezi na kweli mlikutana wapi?"

Mihayo alisema, Pazi alicheka. Mihayo alisisitiza, Pazi alizidi kucheka. Nesi naye alipojaribu, Pazi akamwambia, "Aa, binti, naona umeshafundishwa utani!"

Hapo Mihayo akavua viatu, akaviweka nje ya mlango. Akavua na kofia. Akaketi sakafuni, mbele ya miguu ya mtani wake, juu ya mabanzi ya mti.

"Pazi," akasema, "leo utani nimeuacha nje pamoja na viatu. Nakuomba, ndugu yangu."

Miaka thelathini na mitano hakuwahi kumwita ndugu. Pazi akavitazama viatu. Akamtazama mwenye viatu. Kicheko kikamwishia.

"Lete hicho kichupa," akasema.

Majibu yakaja. Cha Mihayo safi. Cha Pazi damu. Pazi akapelekwa hospitali kubwa, na kamera ikaona kinyama kimeota utumboni, kidogo kama punje ya hindi. Daktari akakitoa siku ileile. "Kingeachwa miaka kadhaa, kingeweza kugeuka saratani," akasema. "Nenda nyumbani, mzee. Tukikuita kupimwa tena, uje."

Pazi aliporudi alichonga fimbo ya mpingo, laini kama siagi, na kichwani akaichongea kichupa chenye kifuniko. Akawaita wote. "Fimbo hii ni ya aliyeniokoa. Ni moja. Ukiikata fimbo, unapata kuni. Haya, semeni."

Nesi akasema, "Mimi ndiye niliyevileta vichupa, kwa baiskeli, kwenye mchanga. Bila mimi mngepima nini?"

Kalunde akasema, "Ulivileta, mwanangu, kimoja kikakaa kabatini wiki tatu na kingine kikatiwa ugoro. Nani alikitoa cha kabatini? Ni ugali wangu!"

Mihayo, ambaye goti la kushoto lilikuwa likimsumbua na fimbo aliitamani, akasema, "Na nani alichekwa na zahanati nzima? Nani alivua viatu?"

"Ulichekwa kwa uongo wako," akasema mkewe. "Tena ulinyamaza siku mbili!"

"Nisingedanganya, choo cha Pazi kingepimwa lini?"

Na hilo nalo lilikuwa kweli.

"Jamani," akasema Pazi, "kwani aliyejaza ni nani? Fimbo najipa mwenyewe!" Wakamzomea kwa kicheko.

Hawakuamua siku ile. Fimbo ikaegemezwa nyuma ya mlango wa Pazi, na ipo hapo mpaka leo. Kila baada ya miaka miwili baiskeli hupita, wazee watatu hupeleka vichupa vyao, kila mtu chake, kisha hukaa chini na kugombania fimbo upya. Ukimuuliza Mihayo pembeni, hukuambia hajui: goti linaidai, lakini moyo unazikumbuka zile siku mbili.

Juzi Pazi alichoka, akatangaza kwamba mgeni yeyote atakayepita ndiye atakayeamua. Basi, wanangu, wageni ndio nyinyi, na mlango uko wazi. Nesi aliyekileta kichupa, mke aliyekitoa kabatini, au mtani aliyedanganya kisha akasema kweli: je, nani alistahili fimbo ile?