Kwa Nini Kumbikumbi Huvua Mabawa

Kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa, kumbikumbi hawakuwa wanapoteza mabawa. Mvua ikinyesha walitoka kwenye kichuguu, wakazunguka hewani mpaka wakachoka, halafu wakarudi ndani na mabawa yao mgongoni, kama watu wanaotoka sherehe na nguo zao nzuri. Wale walioanguka njiani, watu waliwaokota wakawakaanga. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Kichuguu kilikuwa jirani tu, tena jirani wa maana, maana pembeni yake uyoga uliota na wimbi, ule ulezi wa uji, lilinenepa.

Sasa, kwenye miteremko ya mlima Masaba kulikuwa na jamaa anaitwa Sitati. Mikono yake haikujua kutulia. Akikaa anagonga goti, akila anagonga bakuli, mpaka mkewe Namarome akawa anamwambia, "Baba, hata ukilala vidole vyako vinacheza ngoma. Mimi niliolewa na nani, wewe au hivyo vidole?" Lakini alisema akicheka. Walipendana hao.

Wakapata mtoto wa kike, katikati ya kiangazi kibaya. Maziwa ya Namarome yakakataa kutoka. Mtoto ananyonya, analia, ananyonya tena, mpaka sauti ikawa imekauka. Na kwao dawa ya maziwa ilikuwa inajulikana: mama aliyejifungua ale kumbikumbi. Lakini bila mvua kumbikumbi utawatoa wapi?

Sitati akaenda akakaa kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya nyumba yake, hana hili wala lile. Mikono ikaanza mambo yake. Akaokota vijiti viwili, akagonga gogo kavu, taratibu, halafu kwa kasi, tititi-tititi, sawasawa na matone yanavyopiga majani ya mgomba. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaitamani mvua, basi. Mara akaona kichwa kimoja tunduni. Halafu kingine. Halafu wakamwagika kama uji unaochemka. Akakimbia nyumbani kuleta chungu, akazibaziba matundu kwa majani, akaacha njia moja tu inayoingia kwenye chungu hicho, akawabeba wote.

Namarome alikula, maziwa yakarudi, mtoto akalala. Kama mambo yangeishia hapo, leo tusingekuwa na hadithi.

Lakini harufu ya kumbikumbi wa kukaangwa haifichiki. Majirani wakaja. "Sitati, ndugu yetu, tufundishe na sisi." Akawafundisha, tena kwa majivuno. Kiangazi chote mlima mzima ukawa unalia tititi-tititi, kila kichuguu kimefunikwa kama mgonjwa, chungu kiko mlangoni. Wachache waliochomoka walizunguka hewani, wakakuta jua kali na ardhi ngumu, na tundu la kurudia limezibwa. Wakafia hapo hapo.

Mvua ya kweli ilipokuja, watu walitoka na vyungu wakingoja. Ikanyesha, ikakatika. Hakuna hata mmoja aliyetoka. Ikanyesha tena. Kimya. Uyoga haukuota, wimbi likawa la manjano. Na maziwa ya Namarome yakakatika tena. Sitati aligonga gogo mpaka vijiti vikavunjika, kichuguu hakikujibu.

Juu ya mlima, msituni, waliishi watu waliokuwepo kabla ya wote, watu wa nyuki na mizinga. Wakulima wa chini waliwacheka, eti hawajui hata kushika jembe. Mmoja wao, Chemtai, alikuwa akishuka kubadilisha asali kwa wimbi. Alikuwa rika la Namarome, na yeye pia alikuwa na mtoto mgongoni. Alipofika akamsikia mtoto wa mwenzake analia, hakuuliza kitu. Akamchukua, akamnyonyesha yeye mwenyewe. Halafu akamtazama Sitati.

"Shemeji, nimesikia unapika mvua."

Sitati akaficha vidole vyake kwapani.

"Nikuulize. Nikikuita kwangu, njoo chakula kiko tayari, ukija ukakuta chungu kitupu na mlango nimeufunga nyuma yako. Siku nyingine nikikuita utakuja?"

"Siwezi kuja."

"Na hao ni hivyo hivyo. Sisi hatufungui mzinga bila kusalimia, na hatutoki bila kuacha kitu. Nyinyi mnakula kwa jirani hata hodi hampigi. Nitabaki hapa ninyonyeshe, lakini maziwa yangu yatatosha wawili kwa muda mfupi tu, shemeji. Nenda ukaongee na jirani yako."

"Niende nikaongee na udongo?"

"Mbona kudanganya uliweza?"

Namarome akacheka mpaka akajifuta machozi. Sitati akachukua mtungi wa mkewe, akashuka mtoni, akapanda nao kichwani. Wanaume wenzake wakamwona. "Sitati umeolewa lini? Mahari walipeleka kwa nani?" Akapita. Akamwagia kichuguu maji yote, akazibua kila tundu, akapiga magoti.

"Ile haikuwa mvua," akasema. "Ilikuwa mimi. Mtoto alikuwa na njaa, halafu nikasahau kuacha."

Hakuna aliyetoka. Kesho yake akarudi na mtungi, na siku zilizofuata pia, akagonga kidogo kwa kidole, kama mtu anayepiga hodi, bila chungu, bila majani. Wale waliomcheka wakachoka kucheka, wakashika mitungi ya wake zao.

Jioni moja mvua ikaja yenyewe. Sitati hakugonga kitu. Akasimama mlangoni na Namarome, wameshikana mikono ili vidole vitulie. Na kumbikumbi wakatoka. Wakazunguka, wakashuka kwenye ardhi laini, na hapo watu wakaona jambo ambalo hawakuwahi kuliona: kila mmoja alijitikisa, akavua mabawa, akaanza kuchimba nyumba mpya. Namarome aliokota wa kumtosha. Kabla wiki haijaisha, Chemtai alirudi kwao na wimbi lake, na mtoto alikuwa ananyonya kwa mama yake.

Ndiyo maana mpaka leo mtu wa kule akitaka kugonga kichuguu, kwanza anamwaga maji, maji ya kweli, na tundu moja haliguswi. Na asubuhi baada ya mvua unakuta mabawa yamejaa mlangoni kwako. Kumbikumbi hawakutukasirikia, la. Bado wanakuja, bado wanatulisha. Ila wakishatoka wanayavua wasiruke tena, ili hata ugonge vizuri namna gani, usiweze kuwaita mara ya pili.