Maneno Yaliyoangukia Upande wa Kulia

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kutunza kompyuta za zahanati ishirini, wala hakuwahi kufika hata katika moja. Jina lake Ambakisye, mtu mzima mwenye watoto wawili. Aliketi ofisini mjini, akaingia katika kompyuta hizo kupitia mtandao, akaziendesha kana kwamba ziko mezani pake. Alichokiandika humo, aliyekaa kule zahanati alikiona papo hapo.

Ambakisye alikuwa hodari wa kupanga. Kila zahanati ilikuwa na kichupo chake, kile kidirisha kidogo cha kubonyeza, juu ya skrini, na vichupo alivitia katika makundi yenye majina. Zahanati zilizo karibu na wakubwa aliziita "Kwanza", zikakaa wazi mbele ya macho yake. Zile za milimani, ambazo watu wake walipiga simu mara kwa mara, aliziita "Wasumbufu", akalikunja kundi zima likabaki alama ndogo pembeni. Msimcheke upesi. Kukunja ni kubonyeza mara moja tu, na wengi wetu vidole vimezoea.

Asubuhi ya siku ya kliniki alipiga simu Mama Tumpe, muuguzi wa zahanati moja ya huko juu. Orodha ya watoto wa chanjo haikufunguka, na mabenchi yalikuwa yamejaa kina mama, wengine wametembea saa tatu na watoto mgongoni. Hiyo ilikuwa simu yake ya tatu wiki hiyo. Ambakisye alilikunjua kundi, akaigawa skrini yake mara mbili. Kulia aliweka kompyuta ya Mama Tumpe, ambaye alikuwa amefungua ukurasa mweupe na kuanza kumwandikia shida yake. Kushoto aliweka mazungumzo yake na mwenzake wa ofisini, maana hakupenda kumhudumia mtu bila kupiga soga. Akamwandikia mwenzake: "Yule bibi wa milimani tena. Huyo hata afundishwe na malaika haelewi. Acha asubiri, ninywe chai kwanza."

Lakini hakuwa amebonyeza upande wa kushoto. Alipoinua macho, maneno yake yalikuwa kulia, chini ya maneno ya Mama Tumpe. Akaona mshale wa Mama Tumpe ukitembea chini ya maneno hayo polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Angeweza kufuta, ila yalikwisha kusomwa. Kisha herufi zikaanza kutokea moja moja, za mtu anayeandika kwa kidole kimoja:

"Nimesoma, mwanangu. Kina mama bado wapo."

Akafanya kazi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Chanzo alikipata haraka, nacho kilimwongezea aibu. Wiki mbili nyuma alizipelekea zahanati za "Kwanza" programu mpya ya kufungulia orodha, na zile zilizokunjwa akazisahau. Mama Tumpe hakukosea kitu. Aliuliza jambo la haki, kwa adabu, mara tatu, na asiyeelewa alikuwa yule aliyeulizwa. Baada ya dakika kumi orodha ilifunguka, majina ya watoto yakashuka kwenye skrini, na alama ya kuchanjwa ikaanza kuwekwa, mtoto mmoja baada ya mwingine.

Kwenye ukurasa wake mwenyewe, usioonekana kule, Ambakisye akaandika "Samahani, mama", akafuta. Akaandika maelezo marefu kuhusu wingi wa kazi zake, akayafuta pia, kwa sababu yalikuwa uongo. Ofisini hakuna aliyejua lililotokea. Hata hivyo uso ulimwaka, akashindwa kuitazama skrini.

Basi niambieni, ninyi mnaohudumia watu: mtu akisha kuyasoma yaliyo moyoni mwako juu yake, kisha bado akakuita mwanangu, utamjibu nini?